Fungua Mizigo, Mpendwa

 

Leo sina maneno matamu sana. Nimekaa na ujumbe huu tangu Jumapili, na kabla haujakugusa wewe umenigusa mimi kwanza. Kama una chai hapo karibu, chukua kikombe, keti, tusome polepole. Kama uko kwenye matatu, soma nusu, nyingine umalizie ukifika.

Jumapili baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa kanisa letu alinisubiri mlangoni. Nimemwomba ruhusa nisimulie habari yake bila jina, naye amekubali. Alikuwa ameshika daftari la kurasa mia mbili, jalada limelegea kwa kushikwa. Akalifungua. Ndani alikuwa ameandika neno la kila mwaka ambalo nimelitangaza madhabahuni usiku wa kesha la tarehe 31 Desemba. Mwaka wa Kuvuka. Mwaka wa Mpenyo. Mwaka wa Kurejeshewa. Mwaka wa Milango Kufunguka. Kila neno na andiko lake, na tarehe yake, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Akaniambia, "Pasta, yote niliyapokea kwa imani. Hata sasa nayaamini. Lakini nina swali. Mlango ukiwa haujafunguka, hapa nje nifanye nini?"

Nilitaka kumjibu haraka, kama tulivyozoea sisi wachungaji. Nikafungua mdomo, sikupata neno.

Mume wake anaugua figo. Kila Jumanne na Ijumaa wanaamka saa kumi alfajiri, wanaenda hospitali asafishwe damu, wanarudi jioni wamechoka wote wawili. Huu ni mwaka wa nne. Mama akaendelea kusema, sasa akiangalia chini: "Tangu mzee augue hatujapaka nyumba rangi. Hatujaenda nyumbani kuona watu. Krismasi inapita kama siku ya kawaida. Kila kitu tunasema, akipona. Pasta, ni miaka minne tunangoja kuishi."

Hilo neno limenifuata mpaka leo. Miaka minne tunangoja kuishi.

Mpendwa, huyu mama hayuko peke yake. Nakujua wewe unayesoma hapa. Kuna kijana amemaliza chuo, cheti kiko kwenye bahasha, na amejiambia kwamba maisha yataanza siku ya barua ya kuajiriwa. Kuna dada yangu anasema nikiolewa ndiyo nitanunua vyombo vizuri, kwa sasa sahani mbili zinatosha. Kuna binti yetu yuko Saudia, anafanya kazi kwenye nyumba ya watu, anahesabu miezi ya mkataba kama mfungwa. Kuna baba amenunua ploti, tangu aanze kujenga hajaketi na watoto wake jioni hata moja, na anasema anawajengea wao. Wote mnampenda Yesu. Wote mnafunga na kuomba. Na wote mmefunga mizigo, mmekaa juu yake mlangoni, mnangoja gari.

Nataka kusema jambo ambalo huenda halitawapendeza wachungaji wenzangu. Kosa hili tumelisaidia sisi. Tumewafundisha watu wa Mungu kungoja kesho kwa imani kubwa, lakini hatujawafundisha kuishi leo kwa imani hiyo hiyo. Tumehubiri mpenyo mpaka siku ambayo haina mpenyo ikaonekana kama siku ambayo Mungu hayupo. Mtu akituuliza habari za leo, tunamwambia habari za mwakani. Nami niko mstari wa mbele. Lile daftari lilikuwa limejaa maneno yangu.

Sasa twende kwenye Neno.

Wengi wetu tunaijua Yeremia 29:11. Iko kwenye kalenda sebuleni, iko nyuma ya matatu, iko kwenye kadi za mahafali. Ni pale Mungu anaposema anajua mipango aliyo nayo kwa watu wake, mipango ya amani, ya kuwapa tumaini na mwisho mwema. Amina kwa hilo. Lakini nikuulize, umewahi kuanza kusoma kutoka mstari wa kwanza?

Ile sura ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka mpaka Babeli na mfalme Nebukadneza. Hawa watu wamenyang'anywa nyumba zao, mfalme wao amepelekwa utumwani, wanaamka kila siku kwenye mji ambao lugha yake si yao na miungu yake si Mungu wao. Swali lao ni lile lile la mama wa daftari: tunarudi lini, na kabla hatujarudi tufanye nini?

Na jibu la kwanza walilopewa halikutoka kwa Yeremia. Rudi nyuma sura moja, sura ya 28. Kulikuwa na nabii anaitwa Hanania. Alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba Mungu amevunja nira ya Babeli, na kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watakuwa wamerudi. Miaka miwili tu! Naona jinsi watu walivyoshangilia. Kama ni siku zetu, video ingezunguka kwenye makundi yote ya kanisa kabla ya jioni. Hata Yeremia mwenyewe alisema amina, Bwana na afanye hivyo. Hakuwa na wivu, naye alitamani iwe kweli. Lakini haikuwa kweli. Hanania alisema maneno yale mwezi wa tano, na mwezi wa saba wa mwaka huo huo akafa. Miaka miwili ikapita, mateka wakawa bado wako Babeli.

Ndipo tunaisoma barua ya Yeremia katika sura ya 29. Mpendwa, soma mwenyewe mstari wa 5 mpaka wa 7. Mungu anawaambia mateka wajenge nyumba wakae ndani yake. Wapande bustani wale matunda yake. Waoe, waolewe, wapate watoto, na watoto wao nao waoe. Waongezeke huko, wasipungue. Tena wautafute usitawi wa mji ule na kuuombea, kwa sababu mji ukiwa na amani wao nao watakuwa na amani. Kisha mstari wa 10 anawaambia muda wenyewe: miaka 70. Baada ya hayo yote ndiyo unafika mstari wa 11, ule wa kalenda.

Unaona jambo hili? Ile ahadi tunayoipenda sana iliandikwa kwa watu ambao walikuwa wameambiwa kwanza wafungue mizigo.

Fikiria mzee wa miaka hamsini anasomewa barua ile. Hesabu ni rahisi. Miaka 70 haimhusu. Hataiona Yerusalemu tena kwa macho yake. Kama maisha ni mpaka turudi, basi yake yamekwisha. Lakini Mungu hakumwambia hivyo. Alimwambia, panda mti, na wewe mwenyewe ule matunda yake. Mungu alijali chakula cha jioni cha mtu ambaye hangeuona mpenyo.

Na angalia kitu ambacho Mungu hakusema. Hakuwaambia wajifanye Babeli ni kuzuri. Hakuwaambia wasahau Yerusalemu. Hakuwaambia waseme kwa kinywa kwamba hawako utumwani. Aliita utumwa utumwa, akaita ahadi ahadi, na katikati ya hivyo viwili akaweka jembe.

Imani ya kungoja tunayo. Hii ya jembe ndiyo imetupungukia.

Sasa nikiri langu, kwa sababu sitaki kuwarushia mawe kutoka juu ya paa.

Mimi na mke wangu tulipohamia Nairobi tulipanga nyumba ya chini kule Umoja. Tukasema hapa ni mwaka mmoja tu, tutajenga kwetu. Tukaacha maboksi mengine bila kufungua, yakawekwa juu ya kabati. Vikombe vya harusi vilikuwa humo. Mwaka mmoja ukawa tisa.

Nje ya ile nyumba, karibu na tangi la maji, kulikuwa na nafasi ndogo, labda hatua nne kwa tano. Mama yangu alikuja kutoka Vihiga, amesafiri usiku kucha kwenye basi, na kwenye pindo la leso alikuwa amefunga mbegu za kunde na managu. Hata hakupumzika. Alisimama pale nje akaangalia ile nafasi, akaniambia, "Baba, nitafutie magunia mawili na udongo. Nikuwekee mboga hapa." Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, ngoja tuhamie kwetu, nitakupa shamba zima."

Mama akaniangalia. Akauliza, "Na leo mnakula nini?"

Sikumjibu. Nilikuwa na mkutano wa maombi, nikaondoka. Mwaka uliofuata akaja tena na mbegu, nikamwambia yale yale. Mara ya tatu alikuja bila mbegu.

Mama yangu alilala katika Bwana kabla hatujajenga. Leo tuna nyumba yetu, na nyuma kuna nafasi ya kutosha, na mke wangu anapanda mboga. Lakini kunde za mama yangu hazipo. Sikukosa gunia siku ile, na udongo wa Nairobi haukuwa umeisha. Nilikosa kuona kwamba pale karibu na tangi, na mama yangu amesimama na leso yake, palikuwa ni maisha yangu yenyewe, siyo njia ya kuyaendea.

Nikisema fungua mizigo, najua gharama ya kuiacha imefungwa.

Najua kuna maswali, na ni ya haki. Acha nijibu matatu.

Swali la kwanza: "Pasta, unatuambia tusipange? Tule tu tukijua kesho ni ya Bwana?" Hapana, mpendwa. Yusufu aliweka akiba ya nafaka miaka saba, na akiba hiyo ikaokoa Misri na nyumba ya baba yake. Hata kwenye habari ya mana, Kutoka 16, Mungu aliwaambia Waisraeli wakusanye ya siku kwa siku, na walioficha ya kesho ikaingia mabuu ikanuka. Lakini siku ya sita Mungu huyo huyo akawaagiza wakusanye maradufu kwa ajili ya sabato. Kuweka akiba siyo dhambi. Peleka pesa ya chama. Lipa bima ukiweza. Somesha watoto. Mpango ni kazi unayoifanya leo kwa ajili ya kesho. Kuahirisha maisha ni kuacha leo bila kuifanya chochote kwa sababu kesho haijafika. Hivyo viwili vinafanana kwa mbali tu.

Yakobo naye ametufundisha, sura ya 4, kwamba mtu anayesema atakwenda mji fulani akae mwaka afanye biashara apate faida, aseme kwanza Bwana akipenda. Sisi Wakenya tunalisema sana hilo. "Tuonane Jumapili, Mungu akipenda." Lakini wengi tunalisema kama salamu ya kuagana. Yakobo alilisema kama hesabu: maisha yako ni kama mvuke unaoonekana kidogo kisha unatoweka. Ukiamini hivyo kweli, hutaacha neno la upendo likae kwenye boksi juu ya kabati.

Swali la pili: "Pasta, sina kodi. Mwenye nyumba amegonga mara mbili wiki hii. Niishije leo kwa furaha?" Ndugu yangu, mimi sijasema furaha. Barua ya Yeremia haikuwaambia mateka wafurahi. Iliwaambia wajenge, wapande, wale, waombe. Kuna siku kuishi kwa imani ni kumwendea mwenye nyumba kabla hajaja, ukamwambia ukweli kwamba una elfu mbili na nyingine utaleta tarehe fulani. Kuna siku ni kukubali kibarua cha mjengo ukiwa na cheti cha chuo, na jioni kuoga, kula ugali na watu wako, na kulala bila kujidharau. Kuna siku ni kulia. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro huku akijua anaenda kumfufua. Hakusema, kwa kuwa mpenyo uko dakika chache mbele, machozi ya sasa hayana maana. Aliishi dakika ile jinsi ilivyokuwa. Kwa hiyo kama leo yako ni ya machozi, lia mbele za Mungu, usilie ukijificha kama mtu aliyekosa imani.

Na sisi wengine tusome vizuri: huyu ndugu hahitaji tumtumie andiko tu. Kama wewe una na yeye hana, leo yake iko mikononi mwako. Tuma hata mia tano. Mungu anapojibu sala ya mkate wa kila siku, mara nyingi hutumia simu ya jirani.

Swali la tatu ndilo gumu: "Nikianza kuishi hapa nilipo, si nitakuwa nimekata tamaa? Si nitakuwa nimekubali ugonjwa, nimekubali umaskini?" Mama wa daftari aliniuliza hili pia. Alisema anaogopa akipaka nyumba rangi, Mungu ataona ameacha kungoja uponyaji.

Sikia nikwambie. Endelea kusoma Yeremia mpaka sura ya 32. Sasa Yerusalemu yenyewe imezingirwa na jeshi la Babeli. Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi. Yeye mwenyewe ametabiri kwamba mji utatekwa. Ndipo binamu yake Hanameli anamjia anamwambia, ninunulie shamba langu la Anathothi. Nani ananunua shamba wakati adui yuko ukutani? Wewe unayeogopa matapeli wa ploti, fikiria ununue ploti iliyo chini ya miguu ya jeshi la adui. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaweka mashahidi, akamwagiza Baruku azitie hati zile katika chombo cha udongo zikae siku nyingi, kwa sababu Mungu alisema nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi ile.

Kulinunua lile shamba hakukuwa kukata tamaa. Kulikuwa ni tumaini lililolipiwa pesa taslimu, siku ile, mahali pale pabaya. Mwenye kukata tamaa ndiye asiyenunua, asiyepanda, asiyepaka rangi. Tunafikiri kwamba kusimamisha maisha ni ishara ya imani kubwa. Mara nyingi ni hofu imevaa nguo za Jumapili. Hofu inasema, usishike chochote mpaka uwe na hakika. Imani haijawahi kupewa hakika ya namna hiyo.

Mkulima wa Kitale anaelewa. Mhubiri 11:4 inatuambia anayeangalia upepo hatapanda, na anayetazama mawingu hatavuna. Ikifika Machi, mkulima analima na kununua mbegu na mbolea, wakati mwingine kwa deni, na hakuna mtu amemwandikia barua kwamba mvua itakuja. Hapandi kwa sababu anajua. Anapanda kwa sababu ni wakati wa kupanda.

Na sisi hatujasahau somo tulilopewa wote pamoja. Tarehe 13 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Kenya. Kabla mwezi huo kuisha, milango ya makanisa ilikuwa imefungwa na kafyu imeanza. Mimi kwenye kesha la mwaka mpya nilikuwa nimetangaza Mwaka wa Kuongezeka. Nilihubiri kwa simu nikiwa nimeiegemeza kwenye sufuria. Mwezi wa saba tuliporuhusiwa kufungua, ilikuwa watu wasiozidi mia moja, saa moja tu, umbali kati ya kiti na kiti. Wazee wetu wakabaki nyumbani. Mnakumbuka jinsi watu walivyolia siku ile, na hatukuwa tumefanya kitu kikubwa? Tuliomba tu pamoja. Ibada ile ile ambayo Februari tulikuwa tunaangalia saa iishe, Julai ilikuwa kama mbinguni. Ibada haikuwa imebadilika. Tulikuwa tumejifunza kwamba ilikuwa zawadi. Lakini ona, miaka imepita, na tumeanza kuangalia saa tena.

Basi tufanye nini? Sitaki useme amina kisha upitishe kidole uende kwa habari nyingine. Nakupa kazi ya wiki hii, na mimi nitaifanya.

Kwanza, tafuta boksi lako. Kila mtu ana boksi juu ya kabati. Yale ambayo umesema "nikifika hapo ndiyo nitafanya." Chagua moja dogo ulifanye kabla ya Jumapili. Toa vile vikombe vya wageni unywe chai na watoto wako. Pigia ndugu yako ambaye mlikosana kwa ajili ya shamba. Weka gunia la mboga nje ya mlango wa chumba cha kupanga.

Pili, uombee mji ulipo, siyo ule unaotaka kuhamia. Mateka waliambiwa waombee Babeli. Omba kwa ajili ya mtaa wako, mwenye nyumba wako, bosi wako mgumu, kaunti yako. Binti yetu wa Saudia, najua si rahisi, lakini taja jina la yule mtoto unayemlea huko mbele za Mungu. Na ukiwa unateswa, kufungua mizigo hakumaanishi kuvumilia kipigo. Sema, tafuta msaada, tuandikie, tutasimama na wewe.

Tatu, jioni kabla ya kulala, usimhesabie Mungu kwanza yale ambayo hayajaja. Mwambie moja ambalo lilikuja leo. Moja tu, na ulitaje kwa jina lake. "Asante kwa maji yaliyorudi saa tisa." "Asante mtoto amekula." Zaburi inasema siku hii imefanywa na Bwana, na haikuweka sharti la siku kuwa nzuri.

Namaliza.

Jana nilimtembelea yule mama na mzee wake. Siku ya Jumatano hakuna hospitali. Nilimkuta mzee ameketi nje kwenye kiti, kofia kichwani, anamwelekeza mjukuu jinsi ya kushika brashi. Ukuta wa mbele ulikuwa nusu rangi ya krimu, nusu bado. Mtoto alikuwa amepaka na dirisha. Mama akanipa chai, akaniambia, "Pasta, kesho kutwa ni Ijumaa, tunaenda tena. Lakini leo tuko hapa."

Mzee bado anaugua. Nataka niseme hivyo wazi ili mtu asidhani nimeleta ushuhuda wa uponyaji. Tunaendelea kumwombea figo, na sijaacha kuamini hata kidogo. Tuliomba pale pale nje, mikono ya mtoto ikiwa na rangi. Lakini nilipotoka nilijua kwamba lile swali la mlangoni limepata jibu, na si mimi niliyelitoa. Mlango ukiwa haujafunguka, hapa nje tunapaka rangi.

Na kesha la Desemba? Nitatangaza neno la mwaka, Bwana akipenda. Lakini safari hii nitaongeza la kufanya tarehe mbili Januari.

Tuombe.

Baba, tunakushukuru kwa siku hii ambayo hatukuiomba na umetupa. Wewe unazijua nyakati zetu, sisi hatuzijui. Kwa anayengoja kazi, mpe kazi, na kabla haijaja mpe heshima ya leo. Kwa aliye wodini, mguse, na usiku huu mpe mtu wa kumshika mkono. Kwa aliye mbali na watoto wake, mlinde, umrudishe salama. Kwa aliyefiwa, kaa naye. Tusamehe kwa siku tulizozitupa tukitafuta siku nyingine. Tufundishe kungoja tukiwa na jembe mkononi. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Nawapenda. Tuonane Jumapili, Mungu akipenda, na safari hii nalisema nikimaanisha.

Mchungaji wenu.